Turubai Nililivua Mimi

Acha nianze na lile baya lenyewe, maana nikianza kuzunguka nitajikuta najitetea. Nilimsingizia mzee wa watu. Nilimsingizia mbele ya mtu aliyekuwa anaandika, na yule mzee akanitazama, kisha akakubali kosa ambalo si lake. Leo nina nyumba nzuri yenye bati jipya, na naishi humo peke yangu.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Kilole hapa Korogwe. Jina langu sitaji. Huyo mzee nitamwita Mzee Mhando, ingawa silo jina lake, na hilo nalo linaniuma, mtaona mbele.

Nyumba yetu aliiacha marehemu baba, ambaye babu yake aliletwa huku zamani kukata mkonge. Ilikuwa ya vyumba viwili vya matofali mabichi. Nilipopata ajira nikakopa benki, nikaongeza vyumba vya matofali ya saruji na sebule, nikapiga plasta kila mahali mpaka ukisimama nje huwezi kujua kipi cha zamani. Benki ndiyo iliyonilazimisha kuikatia nyumba bima. Nilisaini makaratasi yao bila kuyasoma, nikayaweka kabatini chini ya vyeti vyangu.

Mama alibaki kwenye chumba chake kilekile cha zamani. Nilimbembeleza ahamie kipya, akakataa. Alisema hicho ndicho alichoingia siku anaolewa kutoka Handeni, na ndicho atakachotokea.

Huku kwetu mtu akipata janga la nyumba hasubiri. Watu wanakuja kwa msaragambo, huyu na ngazi, yule na misumari, mwingine na mboga, kazi inafanywa kwa pamoja mpaka iishe, kisha mnakula. Msimamizi wa mtaa wetu alikuwa Mzee Mhando, seremala wa siku nyingi. Ndiye pia aliyetunza turubai la mtaa, tulilochangia wote. Likitoka msibani au harusini linarudi kwake, analianika, analikunja, analihifadhi darini.

Mama yangu hakukosa msaragambo hata mmoja. Alipoishiwa nguvu za kubeba, akawa anapika. Mimi nilikuwa nasingizia kazi za shule, nasahihisha madaftari.

Basi, masika yalipoingia, jioni moja upepo ukaja ghafla. Uling'oa mabati ya upande wa mama na ya korido, ukayatupa kwenye migomba ya jirani. Hakuna aliyeumia. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, na nakumbuka alitoka na kifuu mkononi, akatazama juu, akasema alhamdulillahi tu wazima.

Jioni hiyohiyo Mzee Mhando alikuja na turubai. Alipanda mwenyewe na umri wake ule, akalitandaza juu ya chumba cha mama, akalifunga kwenye kenchi kwa kamba za mkonge. Alikaza kila fundo, akashuka, akasema, "Leo bibi atalala pakavu. Kesho tunakuja."

Asubuhi nikapiga simu kwenye kampuni ya bima. Dada mmoja akanielekeza nipige picha, nijaze fomu, na kesho yake mkaguzi atatoka Tanga kuja kuona. Hakuniambia nivue kitu. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nilijidanganya kwamba aliniambia.

Aliyenipa akili ile ni mwalimu mwenzangu, ila kosa si lake, akili za mtu unaweza kuzikataa. Aliniambia, "Shoga, wakikuta pamefunikwa vizuri watasema hasara ndogo. Waache waione mbingu. Utapata bati za nyumba nzima."

Bati za nyumba nzima! Nilikuwa natamani zile za rangi, kama za majirani wa kule barabarani. Nikaanza kuona upepo ule kama bahati yangu.

Niliporudi nyumbani kutoka kuomba ruhusa shuleni, watu walikuwa wameshajaa uani. Ngazi imeegemezwa, mabati yetu yameokotwa kutoka migombani na kunyooshwa, Mama Rehema wa jirani ameshawasha moto.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema.

"Marahaba mwalimu," Mzee Mhando akaitikia. "Tunaanza na upande wa bibi. Mpaka adhuhuri tutakuwa tumemaliza."

"Hapana, baba. Naomba msiguse kitu. Nina bima."

"Huyo Bima anakuja na ngazi?" Mama Rehema akauliza, watu wakacheka.

Ulikuwa utani wa kawaida wa mtaani, lakini mimi ulinichoma. Nikajiona mwalimu mzima nachekwa uani kwangu. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kuziba masikio. Niliwaambia, "Mkipiga misumari yenu iliyopinda na hayo mabati ya kuokota mtaniharibia. Safari hii nataka kitu cha maana."

Kicheko kikakatika. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akainamisha kichwa. Watu hao wote alikuwa amewahi kuwapikia.

"Sawa, mwalimu," Mzee Mhando akasema taratibu. "Turubai liache lilivyo, bibi asilowane." Wakachukua ngazi yao wakaondoka. Mama Rehema aliacha mboga zake pale kizingitini, hakuzichukua.

Walipopotea njiani nikaweka kiti juu ya meza, nikapanda, nikaanza kufungua zile kamba. Mafundo yalikuwa magumu, mengine nikayakata kwa kisu. Mama akaingia akanikuta.

"Mwanangu, unalivulia nini?"

"Siku moja tu, mama. Mkaguzi anakuja kesho. Wewe lala sebuleni."

Nililikunja turubai nikalisukuma chini ya kitanda changu.

Mkaguzi hakuja kesho yake. Nikapiga simu, wakasema mvua imeharibu nyumba nyingi, nivumilie. Nikapiga tena, wakasema wiki hii. Kila asubuhi nilijiambia leo lazima afike, nikilirudisha nitakuwa nimeharibu yote. Na mvua ilikuwa inanyesha kidogokidogo, inakatika, inaanza tena. Maji yaliingia juu ya ukuta wa chumba cha mama, yakashuka ndani ya matofali mabichi. Plasta kwa nje ilibaki imesimama safi kabisa, ndiyo maana sikushtuka.

Siku ya saba mvua ilianza alfajiri kwa nguvu. Darasa langu lilikuwa na mtihani, nikaenda. Nikiwa katikati ya kugawa karatasi simu ikaita. Mama Rehema.

"Mwalimu, njoo. Ukuta umemwangukia mama."

Sijui niliendaje. Nakumbuka tu kwamba chaki ilikuwa bado mkononi nilipofika.

Mama alikuwa ameingia chumbani kwake kuchukua sanduku. Humo ndani aliweka sanda yake, aliyojinunulia mwenyewe siku nyingi, na alitaka kuitoa isilowe. Ukuta ukamshukia. Waliomfukua ni walewale niliowafukuza. Mzee Mhando alichimbua matofali kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, kisha wakang'oa mlango wa korido wakamlaza juu yake, wakambeba kwenye mvua hadi kwenye bajaji. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika.

Alipokuwa anapakiwa alikuwa ameikumbatia sanda. Ilikuwa imelowa.

Baada ya siku mbili mkaguzi akafika. Kijana mpole, amevaa gambuti, na kamera shingoni. Aliniamkia vizuri, akanipa pole ya mgonjwa, akaanza kazi. Alipanda juu akakaa kitambo, kisha akashuka na kipande cha kamba ya mkonge mkononi.

"Mwalimu, hapa palikuwa pamefunikwa?"

"Ndiyo."

"Nani aliondoa?"

Nikaitazama kamba ile. Nadhani aliona nimeshtuka, akanieleza kwa upole kabisa. "Nauliza kwa sababu mkataba unamtaka mwenye nyumba azuie hasara isiongezeke. Kama mlikuwa na kifuniko mkakiondoa wenyewe, ukuta huu siwezi kuuandika. Na huenda dai zima likakataliwa."

Yaani kile nilichokivua ili nipate, ndicho ambacho makaratasi yangu mwenyewe kabatini yalikuwa yananiambia nikiache. Kichwani nikamuona mama anatoka hospitali na mguu wake, anarudi kwenye kifusi, na deni la benki liko palepale.

Mdomo wangu ukasema, "Lilikuwa turubai la mtaa. Msimamizi alikuja kulichukua."

"Anapatikana wapi?"

Na jamani, alikuwa hapohapo. Hakuna aliyemuita. Alikuja mwenyewe tangu asubuhi kuokoa fremu ya dirisha la mama na kupanga matofali yaliyobaki mazima. Alikuwa hatua kumi kutoka tuliposimama, ameinama.

"Ni yule," nikasema.

Kijana akamsogelea. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba."

"Mwalimu anasema turubai lililokuwa hapa ulilichukua wewe. Ni kweli?"

Mzee Mhando akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. Vidole vilikuwa vimefungwa vitambaa. Akanitazama. Sikuona hasira kwenye macho yake, na bora ningeiona. Turubai lilikuwa chini ya kitanda changu, chumba cha pili.

"Mama yake yuko hospitali," akasema.

"Najua mzee, pole. Lakini turubai?"

"Nililichukua."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na shida nalo."

Kijana akaandika, akamsomea, akampa kalamu. Mzee akaandika jina lake herufi moja moja, polepole kwa sababu ya vile vidole. Kisha akarudi kwenye matofali yake, na hakuniuliza neno. Nami sikumwambia asante wala samahani. Niliingia ndani nikajifungia chooni nikalia kwa kuuma kanga.

Ile fomu ilibidi igongwe muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa, na palikuwa na watu wanasubiri huduma. Ikasomwa. Jua halijazama, Kilole yote inajua Mzee Mhando alimvulia bibi turubai kwenye mvua, eti akalikodisha harusini. La harusini waliliongeza wao, lakini mbegu nilitoa mimi.

Na nikaongeza lingine. Turubai lilikuwa bado kwangu, nikaogopa litaonekana. Alfajiri wanaume wakiwa msikitini nikalipeleka nikaliweka barazani kwake. Kwa hiyo watu walipokwenda kulitafuta wakalikuta kwake, na habari ikawa imethibitishwa.

Ulipotokea msiba mtaani, wazee wakamwambia turubai litatunzwa na mtu mwingine. Alilitoa likiwa limekunjwa vizuri kama kawaida yake, akawakabidhi. Hakujitetea. Watoto wakaanza kumwita jina baya akipita, na wengine wao nawafundisha mimi. Haikupita muda akafunga karakana yake, akaenda Mnyuzi kwa binti yake kulima.

Bima walilipa. Walituma fundi wao, ukuta ukajengwa upya kwa saruji, bati ikaezekwa nyumba nzima. Ya rangi, kama nilivyotamani. Chumba cha mama kikawa na dirisha kubwa la vioo linalotazama mashariki, apate jua la asubuhi.

Mama alikuwa bado wodini. Nilikuwa nampelekea uji, namsimulia habari za dirisha, anatabasamu. Siku moja Mama Rehema akaja kumwangalia, na katika mazungumzo akasema, "Nani angedhani Mzee Mhando, mtu wa dini vile, angekuvulia turubai?"

Mama akanigeukia. Alikumbuka kiti juu ya meza, alikumbuka kisu. Alisubiri mgeni aage, aondoke kabisa, kisha akasema nami kwa Kizigua, lugha ambayo hunitolea akiwa amekasirika sana. Kwa Kiswahili ni hivi: "Sitalala chini ya bati lile mpaka uwaambie watu. Umwambie kila aliyesikia."

Nikamwambia nitasema. Akasema, "Basi ukishasema uje kunichukua."

Aliporuhusiwa, mdogo wangu alikuja na gari akampeleka kwake Handeni. Walipita barabarani karibu kabisa na nyumba. Mdogo wangu aliniambia mama hakugeuza shingo.

Nimejaribu. Nilikwenda Mnyuzi nikamkuta Mzee Mhando anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti kwenye maganda palepale, nikalia, nikasema yote.

"Inuka mwalimu," akaniambia. "Mimi nilishakusamehe siku ileile. Nilifikiri, bima wakikunyima, bibi atarudi wapi? Nikaona mimi nina bega la kubeba."

"Basi rudi Kilole, baba. Nakuomba."

"Nirudi kama nani?"

Alinifungia mahindi kwenye mfuko, akasema nimpelekee mama, nimwambie Mhando anamsalimu. Nilirudi na mfuko ule mapajani nikilia njia nzima, na watu ndani ya basi wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Mnaweza kuniuliza, kitu gani kinakuzuia? Ni woga. Nikisema, kampuni watajua, watadai walichotoa, na mimi sina. Benki nao watakuja. Shuleni nitasimamaje mbele ya watoto? Nilisema nitatamka Ijumaa, Ijumaa ikapita. Nikasema acha Ramadhani iishe, ikaisha. Nilienda hadi barazani kwa mwenyekiti mara mbili, mara zote nikaishia kuuliza habari za maji ya bomba.

Usiku silali. Nikisikia mvua juu ya bati lile nahisi kama napigwa. Chumba cha mama nakifagia kila siku, natandika shuka, nafungua dirisha, nalifunga.

Sasa sikilizeni lililotokea wiki hii, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Juzi mdogo wangu alinipigia nikiwa ofisi ya walimu. "Dada, mama hali kitu. Amekonda. Kila nikimpelekea uji ananiuliza, ameshasema? Sijui hata ana maana gani. Nimjibu nini?"

Walimu wenzangu walikuwa wanazungumza pembeni, yule aliyenipa akili akiwemo. Nilifunga macho. Nikasema, "Mwambie nimeshasema."

Nikamsikia anamwambia. Nikamsikia mama kwa mbali anasema alhamdulillahi, mara tatu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu ukuta uanguke. Kisha mdogo wangu akarudi kwenye simu anacheka. "Dada, umemwambia nini huyu mwanamke? Ameomba uji, na anatafuta kanga zake. Anasema Jumamosi nimlete nyumbani. Na anakuagiza umwite Mzee Mhando na watu wa msaragambo, awapikie wote, ana neno la kuwashukuru."

Mnaona nilipofika?

Wewe unayesoma, kama una nyumba na umekata bima, soma makaratasi yako leo kabla upepo haujaja. Jirani akija na ngazi, mpokee, piga picha zako na umwache afunike. Na ukishakosa, liseme kosa lako siku hiyohiyo, mbele ya walewale waliosikia uongo, kabla hujaanza kuulinda. Mimi niliulinda wangu mpaka sasa nimemdanganya mgonjwa anayesubiri kuamini.

Nilidhani kuandika hapa gazetini kutanipunguzia mzigo. Lakini nimeyasoma tena toka juu. Jina langu sikuweka. Lake nimelibadilisha. Mtu wa Kilole akisoma haya anaweza kuhisi ni sisi, lakini bila jina hana hakika; atasikitika, atakunja gazeti, na kesho akimkuta mzee wa watu stendi atamgeuzia uso kama kawaida. Kwa hiyo hata hapa bado sijasema.

Chumba nimeshakifagia. Mama anakuja Jumamosi asubuhi, na akishuka kwenye gari ataangalia kwanza kama Mzee Mhando amekuja.

Leo ni Alhamisi.